Baba mkwe ana mpira wa mkojo tangu Rajabu, na homa haimwishi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Ujiji, mkoani Kigoma, na nakuomba uvumilie urefu wa barua hii, kwa sababu jambo lenyewe lina aibu ndani yake na sijapata mtu wa kulizungumza naye kwa uwazi.

Ninaishi na baba mkwe wangu, mzee wa miaka 75. Mwezi wa Rajabu alishikwa na mafua, akanywa vidonge vya mafua vilivyonunuliwa dukani, na usiku uliofuata mkojo ukagoma kabisa kutoka. Tulimkimbiza hospitali akiugulia maumivu, tumbo limemjaa chini ya kitovu, na huko akawekewa mpira wa mkojo. Tuliambiwa ana tezi dume iliyovimba. Alipata nafuu papo hapo, na kesho yake tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Tuliambiwa turudi kliniki, lakini karatasi tuliyopewa haikuandikwa siku ya kurudi, na sisi wenyewe tulipoona mkojo unatoka vizuri tukadhani hakuna haraka. Sasa Shaabani inaelekea kwisha na mpira ni uleule.

Nyumbani tunajitahidi. Mume wangu huwa ziwani siku nyingi, mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wanaomhudumia mzee ni mimi na mwanangu wa kiume wa miaka 16. Mfuko wa mkojo tumeutundika kwenye msumari ulio juu ya kichwa cha kitanda, mahali mzee alipokuwa akitundika kanzu yake, ili watoto wasiukanyage. Kila asubuhi kijana huuchomoa mfuko, huusuuza kwa maji ya ndoo na sabuni ya unga, kisha huurudisha. Mpira ulipoanza kumkwaruza, tulipaka mawese kidogo pale unapoingilia. Mkojo ukionekana mzito au ukitoa harufu, tunanunua kapsuli dukani, anakunywa siku mbili tatu mpaka mkojo utakate, tunaacha.

Tatizo kubwa ni homa. Mara ya kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, tukampa dawa mseto kwa kudhani ni malaria. Homa ikapoa, ikarudi. Ijumaa iliyopita alisema hawezi tena kukosa sala ya msikitini. Akauchomoa mfuko, akaukunja mpira na kuufunga kwa kamba ya nailoni, akavaa kanzu akaenda. Alirudi anatokwa na jasho, na usiku wa kuamkia Jumapili homa ikapanda, akawa anamwita marehemu mkewe na kuuliza kama mashua imefika. Zahanati walimpima malaria hawakuona kitu, wakamchoma sindano. Leo ana nafuu kidogo lakini maneno yake bado hayajatulia.

Zaidi ya hayo, mfuko umegeuka rangi na kuwa wa zambarau. Jirani mmoja amesema waziwazi kwamba huo ni mkono wa mtu. Mzee amesikia, na tangu hapo amekuwa mnyonge. Amepunguza kunywa maji ili mfuko usijae haraka, anakaa siku nne au tano bila kupata choo kubwa, na anasema Ramadhani ikiingia atafunga kama kawaida yake. Kuna kijana wa duka la dawa anayesema anaweza kuja kumbadilishia mpira hapa nyumbani kwa bei nafuu. Mimi ni mkwe. Siwezi kumwosha mzee sehemu zile, wala yeye hawezi kuniruhusu. Nifanye nini?

Mkwe, Ujiji

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma aya inayofuata, tafuta usafiri umpeleke mzee hospitali leo hii. Mtu mwenye mpira wa mkojo akipata homa ya kutetemeka, kisha akaanza kuchanganyikiwa, inawezekana maambukizi yametoka kwenye kibofu na kuingia kwenye damu, na kwa mzee wa umri huo hali ya namna hiyo inaweza kuwa ya hatari ndani ya saa chache. Nafuu unayoiona inaweza kuwa ni ya ile sindano tu, na isikufanye ungoje mume arudi kutoka ziwani. Usiishie zahanati tena. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari na maabara, na kwa kuwa mko Ujiji, hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, haiko mbali nanyi. Barua uliyoniandikia ichukue, umpe daktari aisome, kwa maana ndani yake mna karibu kila anachohitaji kukijua. Chukua pia pakiti za kapsuli na vidonge vyote alivyokunywa tangu Rajabu, hata kama zimebaki tupu.

Ukifika, lipo jambo moja ambalo nakusihi uliulize kwa adabu lakini bila kuogopa: kama mpira huu wa zamani utaondolewa, na kama mkojo wa kupima utachukuliwa kutoka kwenye mpira mpya, kabla dawa mpya za kuua bakteria hazijaanza. Mkojo uliolala kwenye mfuko haufai kwa kipimo, kwa sababu bakteria wa mfukoni huzaliana humo na kutoa majibu yasiyo ya kibofu. Na mpira ukishakaa zaidi ya wiki mbili, kumpa mgonjwa dawa huku mpira uleule ukiwa ndani ni kuhangaika bure, kwani kuta zake, nje na ndani, huwa zimefunikwa na utando laini ambamo bakteria hujificha na dawa haiwafikii vizuri. Ukiushika mpira wa namna hiyo unapotolewa utausikia unateleza, na wakati mwingine ncha yake huwa na chokaa inayokwaruza kama mchanga. Huo ndio utando wenyewe, pamoja na chumvi za mkojo zilizogandamana juu yake.

Sasa nikueleze kwa nini haya yametokea, maana ukielewa njia anayopitia adui hutahitaji kukariri masharti. Kibofu cha mtu mwenye afya hujilinda kwa kujaa na kujimwaga chote: kila anapokojoa, mkojo huwafagia nje bakteria waliojaribu kupanda. Mpira unauvunja ulinzi huo. Unaacha mlango wazi mchana na usiku, na bakteria wana njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni nje ya mpira, kwa kutambaa kutoka kwenye ngozi. Ya pili ni ndani ya mpira, kutoka kwenye mfuko au pale mfuko unapoungana na mpira. Inakadiriwa kwamba kila siku moja ya kukaa na mpira humwongezea mgonjwa uwezekano wa asilimia 3 hadi 7 wa kupata bakteria kwenye mkojo, na mwezi ukitimia karibu kila mwenye mpira huwa nao. Wengi wao hawaumwi. Wanaishi na bakteria hao bila homa wala maumivu, mpaka kitu kiwasukume bakteria hao kuingia mahali wasipopaswa kuwa: mpira ukiziba, mkojo ukirudi juu, au mpira ukivutwa na kuchubua njia.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa familia yoyote yenye mgonjwa wa mpira huwa ni kwa nini bado anao, na utatoka lini. Mnauosha vipi ni swali la baadaye. Mpira wa mkojo una tarehe. Aina ya lateksi yenye rangi ya manjano au kahawia, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ya bei, kwa kawaida haitakiwi kuzidi wiki 4. Aina ya silikoni tupu, ambayo huwa nyeupe ya kupenyeza mwanga, inaweza kufika wiki 12. Ukihesabu kutoka mwanzo wa Rajabu, mzee wako anaweza kuwa na wiki saba au nane. Kama wake ni wa rangi ya manjano, muda wake ulishapita zamani. Mgonjwa kurudishwa nyumbani bila kuandikiwa siku ya kurudi ni kosa ambalo halikupaswa kutokea, na ninalisema kwa uzito kwa sababu nimewaona wazee wengi waliosahauliwa na mpira kwa namna hiyohiyo, kila mtu akidhani kuna mwingine anayehesabu siku.

Na huenda mzee hahitaji kukaa na mpira maisha yake yote. Mkojo wake uliziba baada ya kunywa vidonge vya mafua. Baadhi ya vidonge hivyo vina dawa zinazokaza shingo ya kibofu au kukilegeza kibofu chenyewe kisisukume, na kwa mwanamume mwenye tezi dume kubwa hiyo inatosha kabisa kuufunga mkojo. Watu kama yeye mara nyingi huanzishiwa dawa ya kulegeza misuli ya eneo la tezi, kama tamsulosini, kisha baada ya siku chache mpira hutolewa asubuhi kwa majaribio, anakunywa maji, na kunaangaliwa kama anakojoa mwenyewe na ni kiasi gani kinabaki kibofuni. Wapo wanaofaulu mara ya kwanza. Wasiofaulu huangaliwa kama wanafaa kwa upasuaji wa tezi. Jaribio hilo halifanyiki akiwa na homa, kwa hiyo kwanza maambukizi yatibiwe, lakini usiondoke hospitali bila kuuliza litafanyika lini. Uliza pia kama tezi hiyo imeshachunguzwa kutofautisha uvimbe wa uzee na saratani.

Endapo atarudi nyumbani na mpira mpya, kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba mpira na mfuko vikishaunganishwa visitenganishwe. Hili si pendekezo dogo. Zamani mkojo wa wagonjwa wa namna hii ulikuwa ukichuruzikia kwenye chupa iliyo wazi chini ya kitanda, na karibu wote walipata bakteria ndani ya siku 4. Mwaka 1966 daktari wa Marekani, Calvin Kunin, pamoja na mwenzake McCormack, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mfumo uliofungwa kuanzia kibofuni hadi mfukoni unachelewesha sana maambukizi hayo, na tangu hapo mfuko uliofungwa ndio utaratibu duniani kote. Kijana wako anapouchomoa mfuko kila asubuhi ili ausuuze anafanya kazi kwa upendo, na sitaki umgombeze. Lakini kila asubuhi anaufungua mlango ambao watu walihangaika kuufunga. Usafi wa mfuko kwa ndani si kitu tunachokitafuta. Tunachokitafuta ni mfumo usiofunguliwa.

Nina wasiwasi kwamba mlipewa ule mfuko wa bei ndogo usio na koki ya chini, na ndiyo maana mkalazimika kuuchomoa ili kuumwaga. Safari hii ombeni wenye koki. Kijana anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, aweke chombo maalumu ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine, afungue koki, amwage bila ncha ya koki kugusa chombo, afunge, aipanguse kwa kitambaa safi, anawe tena mikono. Afanye hivyo mfuko ukifika theluthi mbili, usingoje kujaa, kwa sababu mfuko mzito huuvuta mpira. Mfuko mzima ubadilishwe pamoja na mpira, au mapema zaidi ukivuja, ukichafuka, ukifunguka kwa bahati mbaya, au kama maandishi ya pakiti yanataka hivyo.

Msumari wa kanzu uuache kwa kanzu. Mfuko uliotundikwa juu ya kichwa humrudishia mgonjwa mkojo wake kibofuni, na mkojo huo umeshalala saa nyingi na bakteria waliozaliana humo. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, akiwa amelala, amekaa au anatembea, lakini usiguse sakafu. Fungeni kitanzi cha waya kwenye ubavu wa kitanda upande wa miguu, na kama mnahofia watoto, uingizeni mfuko ulioning'inia ndani ya ndoo kavu safi. Angalieni pia kama mrija haujakunjwa au kulaliwa na paja. Kufunga mpira kwa kamba, kama alivyofanya mzee Ijumaa ile, kusirudiwe kamwe: mkojo unapokosa pa kwenda hupanda kuelekea kwenye figo ukiwa na bakteria wake, na sina shaka kubwa kwamba homa ya Jumapili ilianzia kwenye ile kamba na ule mfuko uliochomolewa.

Lakini sababu iliyompeleka kuufunga ni ya haki, na lazima tuipatie jibu. Upo mfuko mdogo wa kufunga mguuni, unaobanwa pajani au kwenye muundi kwa mikanda yake, usioonekana kabisa chini ya kanzu au kikoi. Uulizieni hospitali au kwenye famasi kubwa mjini Kigoma, na uunganishwe na muuguzi siku ileile mpira mpya unapowekwa. Usiku, mfuko mkubwa unaunganishwa kwenye koki ya ule mdogo, bila kuugusa muungano wa mpira wenyewe. Kuhusu twahara, shekhe wa msikiti wake ndiye wa kumwuliza, ila ninachokifahamu ni kwamba mtu asiyeweza kuuzuia mkojo wake huhesabiwa kuwa mwenye udhuru, na sala yake haikatazwi. Mumeo au mzee mwenzake amwendee shekhe ampe maelezo, na mzee alisikie jibu hilo kwa shekhe mwenyewe. Halikadhalika funga: mgonjwa ana ruhusa katika dini yake, na mtu ambaye ametoka kutibiwa maambukizi ya mkojo huku ana mpira ni mgonjwa kwa maana iliyo wazi. Asifunge mpaka daktari amruhusu.

Maji ni sehemu ya tiba yake. Kama hana ugonjwa wa moyo au wa figo unaomzuia, anywe kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ili mkojo uwe mwepesi na mpira usizibe. Kupunguza maji kunaufanya mkojo kuwa mzito, chumvi zinaganda, na mpira unaziba mapema. Choo kigumu nacho kina madhara hapa, kwa kuwa utumbo uliojaa huikandamiza njia ya mkojo na mpira uliomo. Mpe papai, maembe yakiwepo, mboga za majani na maharage, atembee uani asubuhi na jioni, na siku tatu zikipita bila choo mwombe daktari dawa ya kulainisha.

Hapo ndipo penye maelezo ya ule mfuko wa zambarau. Hakuna mkono wa mtu. Choo kinapokaa muda mrefu tumboni, bakteria wa utumbo huivunja sehemu ya protini ya chakula na kutoa kemikali ambayo ini huibadilisha na figo huitoa kwenye mkojo. Mkojo huo ukifika kwenye mfuko na kukutana na aina fulani za bakteria, hugeuzwa kuwa rangi mbili, moja ya buluu na moja nyekundu, nazo zikishachanganyika na kuingia kwenye plastiki unaona zambarau. Jambo hili limeonekana katika nchi nyingi, zaidi kwa wazee wenye mpira wa muda mrefu na choo kigumu. Rangi yenyewe haimdhuru. Ni ishara kwamba mna bakteria na kwamba choo hakiendi. Mweleze mzee jambo hili kwa utulivu, tena mbele ya huyo jirani, kwa maana maneno yale yamemwondolea nguvu mtu anayezihitaji sana sasa.

Kuhusu kumwosha, mwanangu, heshima yenu haihitaji kuvunjwa hata kidogo. Homa ikipoa na akili yake ikitulia, mzee mwenyewe ndiye wa kujiosha, na ni vizuri zaidi hivyo, kwani mikono yake ni yake na aibu ni yake. Muuguzi amfundishe kabla hajaruhusiwa. Mara moja kwa siku wakati wa kuoga, na kila anapotoka chooni ikiwa amechafuka, anawe mikono, atumie maji safi na sabuni ya kawaida ya kuogea, asafishe pale mpira unapotokea, kisha auoshe mpira kwa kwenda nje, kutoka mwilini kuelekea kwenye mfuko, asirudishe mkono. Akauke kwa kitambaa chake peke yake. Asipoweza, mjukuu wake wa kiume amsaidie akiwa amefundishwa na muuguzi huyohuyo. Wanaonisoma wenye wagonjwa wengine wajue kwamba asiyetahiriwa lazima govi lirudishwe mahali pake baada ya kuosha, na mwanamke asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma. Spiriti, maji ya chumvi kali, na dawa za kuua vijidudu hazihitajiki. Mwongozo wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa wa mwaka 2009 unasema hivyo wazi kuhusu dawa za kuua vijidudu, na mimi sijaona sababu ya kuupinga, kwani dawa hizo huichubua ngozi na ngozi iliyochubuka ni kiota cha bakteria.

Mawese nayo myaache jikoni. Mafuta huila lateksi, ikalainika na kuvimba, na ndani ya kibofu kuna puto dogo lililojazwa maji ambalo ndilo linaloushikilia mpira usitoke. Dawa ya mkwaruzo ni kuuzuia mpira usicheze: ubandikwe kwa plasta kwenye paja au chini ya tumbo, ukiachiwa ulegevu kidogo ili mguu ukinyooka usivute. Kwa sababu ya puto hilohilo, mtu yeyote asiuvute mpira kuutoa, hata mzee mwenyewe akiwa amechanganyikiwa usiku. Puto likipita limejaa huichana njia ya mkojo na damu yake haizuiliki kirahisi.

Na ndiyo sababu ninakukataza yule kijana wa duka la dawa. Kuweka mpira kunahitaji vifaa visivyo na vijidudu, glavu safi kabisa, jeli, na mkono unaojua kwamba umefika kibofuni kabla ya kulijaza puto. Likijazwa katikati ya njia kwa mwanamume mwenye tezi kubwa, madhara yake yanaweza kudumu maisha. Bei nafuu ya kazi hiyo mtakuja kuilipa hospitali mara kumi.

Kuhusu kapsuli za siku mbili tatu, najua mlifanya kwa nia njema, lakini mkojo mzito au wenye harufu, bila homa, bila maumivu chini ya kitovu au ubavuni na bila kuchanganyikiwa, hauhitaji dawa ya bakteria. Unahitaji maji. Kila dozi isiyo ya lazima huua bakteria dhaifu na kuacha wale wagumu, ambao ndio watakaompandishia homa siku dawa ya kweli itakapohitajika. Daktari wa leo huenda akalazimika kutumia dawa kali zaidi kwa sababu hiyo, na ndiyo maana nimekuomba uende na pakiti. Na homa ya mtu mwenye mpira, hata katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma, ipimwe malaria na mkojo siku ileile, badala ya kukimbilia dawa mseto.

Kabla hamjaondoka hospitali, mwombe muuguzi akuandikie kwenye daftari la mzee sababu ya mpira, tarehe uliyowekwa, aina yake na namba ya ukubwa wake, kiasi cha maji kilichomo kwenye puto, na tarehe ya kurudi kuutoa au kuubadilisha. Akisema atakuambia kwa mdomo, mwambie kwa upole kwamba unaomba iandikwe. Mtakapokuwa nyumbani, rudini bila kungoja tarehe hiyo ikiwa homa itafika nyuzi 38 au atatetemeka, akilalamika maumivu ya ubavu, mkojo ukitoka na damu nyingi au mabonge, au ikiwa mfuko hautaongezeka kwa saa 3 au 4 ilhali anakunywa maji na mrija haujakunjwa.

Na siku mpira utakapotolewa kwa jaribio, Inshallah, mkae karibu na hospitali siku hiyo nzima. Saa 6 zikipita hajakojoa, au tumbo likianza kujaa na kuuma kabla ya hapo, arudishwe mara moja. Vidonge vya mafua asimeze tena bila kumwambia anayeviuza kwamba ana tezi dume.